Kadi Nyekundu ya Daktari Gustaw

Leokadia Pytel alifundisha jiografia katika mji wa Wola Szklana mpaka nywele zikamwisha rangi, na nusu ya mji, kuanzia mwoka mikate hadi padri msaidizi, bado inamwita Mwalimu. Ameitwa mkali, ameitwa king'ang'anizi, na mtu mmoja wa ofisi ya elimu aliwahi kumwita mwiba wa samaki. Lakini mwizi hakuwahi kuitwa. Aliitwa hivyo siku ya fainali ya klabu ya briji, tena kwa maneno laini yaliyopakwa sukari, na mpaka leo ukimtajia siku ile atasukuma kando chai yake ya limau na kukueleza yote tangu mwanzo, utake usitake.

Klabu hukutana kila Jumanne alasiri katika ukumbi wa juu wa kiwanda cha kioo. Kiwanda chenyewe kilishafungwa na madirisha yake yamepigwa mbao, ila ukumbi umebaki. Ndani ya kabati mna kombe zito la kioo, limekaa juu ya sahani yake ya kioo, na ubavuni limechongwa majina ya mabingwa wa kila mwaka. Majina yote hayo yamechongwa na mkono mmoja, mkono wa Zenon Haduch, aliyekuwa mchonga vioo wa kiwanda. Zenon hakuoa. Tangu Mwalimu afiwe na mumewe, Zenon ndiye mwenzake wa mezani, na masengenyo ya mji kuhusu hao wawili yamekwisha kwa kuchoka yenyewe.

Kwa asiyeujua mchezo huu, briji ni wawili kwa wawili. Mwenzako anakaa ng'ambo ya meza, kila mtu ana karata zake kumi na tatu, na kabla ya kucheza kuna mnada, watu wakipandishiana ahadi za kula mizunguko mingapi na turufu iwe ipi. Kusema hakuna. Kukonyeza hakuna, kukohoa hakuna, kushusha pumzi hakuna. Unachomoa kadi ya tangazo lako, au ya kupita kama huna la kuahidi, kwenye kisanduku kilichobanwa kwenye kona ya meza, unaiweka mbele yako, basi. Mwenzako akusome kwa kadi, asikusome usoni.

Sasa wapo wazibaji. Mzibaji ni mtu mwenye karata dhaifu, ila saba kati yake ni za aina moja, na zamu ya kwanza ni yake. Badala ya kuanza chini kama watu, anaruka ghafla hadi ngazi ya tatu. Nguvu hana, anachotaka ni kuwaziba wengine midomo kabla hawajaambizana walichonacho. Ni halali kabisa, na Mwalimu mwenyewe huziba akipata karata za kuziba. Dawa yake nayo ipo. Yeye na Zenon waliikubali zamani, jikoni kwake, mbele ya sahani ya pierogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi na jibini ndani: anayekaa mara baada ya mzibaji atulie, asijitose hovyo, anayekaa mwisho ndiye awe jasiri. Huyo wa mwisho, akiwa na karata moja tu ya aina iliyotajwa na nyingine zote anazo, aweke dabo, kadi ya kuzidisha adhabu mara mbili. Kwa dabo anamwambia mwenzake: taja aina yako bora, au kama umezikalia turufu zao, nyamaza tuwaadhibu maradufu.

Na kwa sababu kuziba humshtua anayefuata, sheria ikaweka kadi nyekundu iliyoandikwa SIMAMA. Anayeruka ngazi anaiweka mezani, anaiacha hapo kama sekunde kumi, ndipo anaiondoa. Anayefuata, awe ameshika wafalme au ameshika takataka, lazima asubiri mpaka iondoke. Hivyo hakuna anayeweza kujua nani anafikiri kweli na nani anasubiri tu. Ni sheria ya busara, na mtoto wa shule angeielewa.

Daktari Gustaw Niemczyk hakuielewa, au hakutaka. Ni daktari wa meno, ana mabega mapana na sauti ya asali, na alipitia darasa la Mwalimu. Hata wakati ule alikuwa akikabidhi ramani kabla wino haujakauka, na mito yote ya Polandi ikawa ziwa moja la wino chini ya kidole chake. Mezani ndiye bingwa wa kuziba. Kadi nyekundu aliigusisha tu kwenye kitambaa na kuinyakua tena, halafu akamkazia macho anayefuata kama vile amechelewa basi. Watu waliona. Jumanne baada ya Jumanne waliona. Lakini Gustaw ndiye aliyeleta meza mpya na mapazia, na kila wiki huleta keki ya jibini iliyookwa na mama mkwe wake. Mwenye nguvu mpishe, wakasema, na keki wakala.

Mwezi wa kumi na moja ndipo Mwalimu alipogundua kwamba Zenon hachanganyi karata tena. Zamu yake ikifika alijifanya anafuta miwani, na Mwalimu, bila kujua kwa nini, akawa anachanganya kwa niaba yake. Halafu akaona kwamba kikombe chake cha chai kinajazwa nusu. Halafu siku moja jikoni kwake pierogi ikadondoka kwenye uma mara mbili, na Zenon akaweka uma chini na kuweka mikono yote miwili juu ya meza ili aione. Ilikuwa inatetemeka, ya kulia zaidi. Daktari wa mji mkubwa alishampa jina la ugonjwa, na jina hilo halina dawa ya kuuondoa, kuna za kuutuliza tu. Mikono ile ilikuwa ikichora jani la mzabibu kwenye kioo chembamba bila kuchora mstari mmoja wa ziada. Mwalimu alitaka kulia, akajikaza kisabuni.

“Usimwambie mtu,” Zenon alimwambia. “Wakijua wataanza kunivutia kiti. Watanishikia kikombe. Niache nimalize msimu huu nikiwa mchezaji, Mwalimu. Baada ya hapo nitakuwa mgonjwa kadiri wapendavyo.”

Mwalimu akaapa. Na yeye akiapa ameapa, hata ungemfunga kamba. Kipupwe chote alichanganya karata za watu wawili, akammiminia Zenon chai nusu kikombe, na mtu alipouliza kwa nini Bwana Zenon amekuwa mpole hivi siku hizi, Mwalimu alijibu kwamba amepata akili uzeeni, wengine waige.

Fainali ilikuwa mwisho wa mwezi wa nne. Mwalimu na Zenon walikuwa wanaongoza kwa pointi chache, wakifuatwa na Gustaw na shemeji yake Lesław, mtu mkimya anayecheza anavyoambiwa. Duru ya mwisho ikawakutanisha hao wanne kwenye meza ya dirishani.

Gustaw ndiye aliyekuwa na zamu ya kwanza. Akaruka moja kwa moja: kopa tatu. Kadi nyekundu iligusa kitambaa na kurudi kisandukuni kabla Mwalimu hajamaliza kupanga karata zake. Kushoto kwa Gustaw alikaa Zenon, naye akapeleka mkono kwenye kisanduku. Mwalimu aliona yote. Aliona vidole vikitafuta kadi ya kijani ya kupita, vikiikosa, vikitafuta tena. Aliona Zenon akiuegemeza mkono kwenye ukingo wa meza kama mtu anayewaza, kumbe anausubiri utulie. Kisha kadi ikatoka. Amepita. Lesław naye akapita, na zamu ikamfikia Mwalimu, wa mwisho.

Alikuwa na kopa moja tu, nyingine zote nne nne, ree mbili, mfalme na malkia. Muulize mchezaji yeyote hapa Polandi, hata aliyejifunza juzi kwenye treni: karata zile ni dabo. Ndizo zilizowekewa makubaliano yale ya jikoni. Zenon angepita upesi kama umeme au angepita baada ya misa nzima, ingekuwa dabo tu. Mwalimu akaweka dabo. Zamu iliporudi kwa Zenon akapita tena, maana alikuwa amezikalia turufu za Gustaw, kopa nne nzito, mfalme na ghulamu ndani yake, zikicheza kila mara baada ya zake. Gustaw akaachwa na ahadi aliyoitoa mwenyewe. Mchimba kisima akaingia. Alipungukiwa mizunguko mitatu, adhabu maradufu, na kombe likawa limeshakwenda kwa Mwalimu.

Gustaw hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Aliinua mkono akamwita mwamuzi, Ireneusz Bielak, karani mstaafu wa manispaa, mtu mwema asiyeweza kumkatalia hata njiwa. Kisha akaeleza kwa ile sauti anayowaambia nayo wagonjwa wake kwamba haiumi. Bwana Zenon aliwaza kwa muda mrefu kisha akapita. Mwalimu aliona, akajua mwenzake ana nguvu, akapata ujasiri. “Simsemi mtu vibaya,” alisema. “Nasema tu mkono ulizungumza.”

Nyani haoni kundule. Yeye aliyevunja sheria kwa kunyakua kadi ndiye aliyeshitaki. Ireneusz akamgeukia Zenon na kumuuliza kama kweli aliwaza. Zenon akajibu kwamba alikuwa anangoja kadi nyekundu. Gustaw akacheka kidogo, kwa adabu, akasema kadi ilikuwa imeshaondoka, sasa Bwana Zenon alikuwa anangoja nini?

Zenon akamtazama Mwalimu. Na Mwalimu alikuwa na neno moja mdomoni, neno moja tu la kuwasafisha wote wawili mbele ya ukumbi mzima, na macho ya Zenon yakamwambia hapana. Akalimeza. Lilishuka kama mfupa. Akageukia sheria badala yake. Akasema kadi haikuachwa mezani, na kila mtu humu anajua haiachwi. Akasema Zenon alikuwa na haki ya sekunde zake, kadi iwepo isiwepo. Akaziweka karata zake wazi na kumtaka Ireneusz awaonyeshe wachezaji wawili wa meza nyingine awaulize wangefanya nini, kama mwamuzi anavyotakiwa kufanya. Ireneusz alitoa leso akafuta shingo. Aliangalia karata, akaangalia pazia jipya, na hakumuuliza mtu yeyote.

Akaamua dabo iondolewe, ihesabiwe kama Mwalimu alipita, na Gustaw alipe ile adhabu ndogo ya kawaida. Angeishia hapo! Lakini waoga wakishaamua hupenda na kufundisha. “Kati ya watu waaminifu, Mwalimu,” alisema, “ukiona mwenzako anasita, unapita.”

Kati ya watu waaminifu. Ukumbi mzima ulisikia. Wanawake wawili aliowafundishia watoto na wajukuu waliinamisha vichwa kwenye sahani zao za keki. Mwalimu, masikio yakimwaka moto, akazikusanya karata zake moja moja.

Wakati pointi zinajumlishwa alimvuta Zenon hadi kwenye ngazi. Akamwambia waziwazi kwamba anaingia sasa hivi kuwaambia, kiapo au si kiapo. Zenon akashika ukuta. Alisema yeye ameamua, bora aitwe mwizi kuliko kuitwa maskini.

“Wewe umeamua,” Mwalimu alimwambia. “Na mimi je, Zenon? Mimi nitaitwa nani?”

Zenon akauachia ukuta. Inaonekana lilikuwa jambo ambalo hakuwa amelifikiria hata siku moja. Ugonjwa humfanya mtu ajione yuko peke yake ndani ya meli. Na hapo wakaitwa ndani.

Gustaw na Lesław ndio waliotangazwa mabingwa. Na hapa kuna desturi ya klabu yetu: bingwa anapokea kombe pamoja na sahani yake, watu wanapiga makofi, kisha palepale mbele ya wote anamkabidhi mchongaji, naye analipokea kwa mikono miwili na kwenda nalo nyumbani akaongeze jina. Imekuwa hivyo tangu tanuru za kiwanda ziwake. Hakuna aliyewaza kuibadili siku ile, wala Gustaw, ambaye dakika chache kabla alikuwa amemfanya mchongaji huyo kuwa tapeli. Alimwendea Zenon akitabasamu, akamwekea kombe mikononi, akamwambia kwamba yaliyopita si ndwele, na kwamba jina la Niemczyk lina herufi nyingi, asije akaliharibu.

Kombe likaanza kugonga sahani.

Mwanzoni lilikuwa jambo dogo, kioo kikigusa kioo. Kisha likaongezeka, mlio mwembamba wa haraka usiokoma, na makofi yakafifia meza moja baada ya nyingine mpaka ukabaki mlio peke yake. Mwalimu alinyoosha mikono alipokee. Zenon akatikisa kichwa. Angeweza kuliweka mezani, meza ilikuwa mbele yake. Hakuliweka. Aliliacha lilie.

“Mnausikia?” alisema. “Huu ndio mkono uliozungumza. Haukusema nina karata nzuri. Ulikuwa unatafuta kadi ya kupita.” Akapumua. “Mwalimu alijua tangu kipupwe. Nilimwapisha. Kwa hiyo alikaa pale, mkamwita mwizi, akanyamaza kwa ajili yangu.”

Ndipo akaliweka kombe chini, na Mwalimu akamshika kiwiko mpaka akakaa.

Gustaw aligeuka rangi ya kadi yake. Alisema hakujua. Hilo ni kweli, hakujua, na Mwalimu hajawahi kumsingizia kwamba alijua. Watu wakaanza kupangusa macho. Mtu akavuta kiti, mwingine akaja na chai, mwingine akamfunika Zenon mabega kwa koti ambalo hata si lake. Na Ireneusz, leso mkononi, akasimama na kusema kwa huzuni kubwa kwamba kwa kuzingatia hali ya afya ya Bwana Zenon, kwa ubinadamu, nadhani sote tunakubali, pointi zinaweza kurudishwa.

Watu wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa wameshajisamehe tayari, unaona? Walikuwa wameshapata pa kutokea, mlango mpana wenye maua. Na hapo ndipo Mwalimu alipopandwa na mori.

“Kaa chini, Ireneusz,” alisema, na Ireneusz akakaa. “Kwa ubinadamu? Mtu huyu angekuwa na mikono ya kijana wa jeshini, bado alikuwa na haki ya kusubiri. Hamkutunyang'anya pointi kwa sababu anaumwa. Mlitunyang'anya kwa sababu Gustaw hawezi kuacha kadi mezani, na nyinyi hamwezi kumwambia. Rudisheni kwa sababu hiyo. Semeni hapa, kwa sauti, kwamba ni kwa sababu hiyo. La sivyo, sizitaki.”

Utasema mtu mmoja angethubutu. Ukumbi ule ulikuwa na watu wazima wenye wajukuu, watu waliosimama mbele ya milango ya kiwanda enzi za mgomo na kuimba mbele ya askari. Ireneusz akamtazama Gustaw. Gustaw akatazama viatu vyake. Lesław akatazama saa. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ndogo jamani keki inabaki. Wakati wote huo Mwalimu alisimama akingoja, na hakuna aliyesema. Basi akachukua koti lake na la Zenon, lile lililokuwa lake kweli, wakashuka ngazi polepole wakishikana mikono.

Pointi hazikurudi. Mwaka ule kitabuni bingwa ni Gustaw Niemczyk. Lakini nenda kwenye kabati ukatazame kombe: chini ya jina la mwisho alilochonga Zenon kuna nafasi laini, tupu, kioo kitupu. Gustaw aliwahi kutaja kwamba Krakow kuna mashine ya kuchonga inayomaliza kazi kwa dakika chache. Alilitaja mara moja, akaona nyuso za watu, hakurudia.

Zenon bado huja Jumanne. Alichokiogopa kimempata, wanamvutia kiti na kumshikia kikombe, na Mwalimu anawafukuza kama kuku. Ametengenezewa kibao cha mbao cha kusimamishia karata, na kadi za mnada anachomolewa na Mwalimu akishanong'onezwa, kwa ruhusa ya wote wanne mezani, jambo ambalo halina sheria na hakuna aliyewahi kulishitaki. Watu hao hao.

Hapana, subiri, amekosea anayesema Gustaw hakubadilika. Mwalimu mwenyewe atakuambia. Msimu uliofuata walikutana tena meza ile ile ya dirishani, na Gustaw akapata karata za kuziba, akaruka ngazi: uru tatu. Akaweka kadi nyekundu mezani. Akaiacha. Alikaa ameinamisha kichwa, mikono mapajani, na kadi iko pale katikati ya kitambaa, na Zenon akaitazama, na meza za jirani zikaacha kucheza kutazama. Sekunde kumi ni ndefu kuliko unavyodhani. Kisha akaiondoa taratibu na kuirudisha kisandukuni.

Mwalimu hakusema neno, maana mnada ulikuwa bado na sheria ni sheria. Alingoja mpaka karata zote zikachezwa na kukusanywa. Ndipo akamwinamia ng'ambo ya kona ya meza, kwa ile ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa kitini.

“Unaona, Gustaw?” alimwambia. “Haiumi.”